Hataki Kula, Hataki Kulala, Analia: Kutafuta Chanzo kwa Mtoto wa Mwaka 1 hadi 3

Mtoto wa umri huu hana maneno ya kukueleza kinachomsumbua. Ana kilio, kukataa, kung'ata na kuamka usiku, na hivyo vichache ndivyo anavyotumia kwa njaa, usingizi, choo kigumu, sikio linalouma na malaria. Ndiyo maana nyumba nyingi huhangaika na "ukorofi" wa mtoto ilhali kasoro iko kwenye alichokunywa jana jioni au saa aliyolala mchana. Hapa tunaanza na dalili unayoiona, kisha tunafuata vyanzo, kile cha mara nyingi kikitangulia.

Daftari la siku mbili

Kabla ya kubadilisha chochote, kwa siku mbili mfululizo andikeni mambo matano: alikula nini na kiasi gani, alikunywa nini, alilala saa ngapi hadi saa ngapi, alipata choo cha namna gani, na tukio linalowasumbua lilitokea saa ngapi. Anayeshinda na mtoto, awe bibi, shangazi au dada wa kazi, ndiye mwenye nusu ya majibu. Muulizeni kwa upole. Dada anayeogopa kugombezwa atajibu "kala vizuri" kila siku, na hapo mmepoteza taarifa muhimu kuliko zote.

Zipo dalili ambazo daftari haliwezi kusubiriwa. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ikiwa hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kinachoingia, amepata degedege, amelegea au haamki sawasawa, anapumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au choo chake kina damu. Homa kwa mtoto anayeishi penye malaria ipimwe ndani ya saa 24. Usianze dawa ya malaria kwa kukisia.

Parasetamo hupimwa kwa kilo za mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Soma chupa kwanza, kwa sababu zipo dawa za maji za miligramu 120 kwa mililita 5 na zipo za 250. Kijiko kilekile cha dawa kutoka chupa ya pili ni zaidi ya dozi mara mbili ya chupa ya kwanza.

Na jambo moja lisemwe wazi: kuota meno hakuleti kuhara wala homa kali. Huleta udenda, ufizi uliovimba na kununa. Imani hii inachelewesha watoto kufika hospitali, na mbaya zaidi ni "meno ya plastiki", pale mtoto anayeharisha au mwenye homa anapong'olewa vijino ambavyo bado viko ndani ya ufizi. Mtoto huyo anabaki na ugonjwa wake na anaongezewa kidonda. Kukata kimio kwa sababu ya kikohozi au kukonda ni madhara ya aina hiyohiyo.

Hataki kula

Kwanza hakikisha kama kweli hali. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikisha kama kilo 9 akitimiza mwaka, kisha katika mwaka mzima wa pili huongeza kilo 2 hadi 2.5 tu. Mwili ukipunguza kasi ya kukua, hamu ya chakula nayo hupungua, na mama aliyezoea kuona bakuli likimalizwa anaingiwa na wasiwasi. Mwamuzi ni kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ukipanda sambamba na mstari uliochapwa, anakula kinachomtosha. Ukilala au kushuka kwa miezi miwili mfululizo, hapo kuna tatizo la kutafuta.

Kiasi cha kulinganisha: kati ya miezi 12 na 23 mtoto huhitaji milo 3 hadi 4 kwa siku, kila mlo robo tatu hadi bilauri nzima ya mililita 250, na asusa mara moja au mbili kati ya milo. Kunyonya kuendelee hadi miaka 2 au zaidi.

Chanzo cha kwanza cha kukataa chakula ni kinywaji. Mtoto anayekunywa zaidi ya nusu lita ya maziwa ya ng'ombe kwa siku anafika mezani tumbo limejaa, na maziwa yana madini chuma kidogo sana, hivyo baada ya miezi kadhaa anapungukiwa damu, na upungufu wa damu wenyewe unamaliza hamu ya kula. Rudisha maziwa hadi vikombe viwili vidogo, baada ya chakula. Chai msimpe kabisa, hata ile nyepesi ya kulowekea mkate, kwa sababu inazuia chuma kisifyonzwe. Juisi na soda zinaharibu mlo unaofuata. Kinywaji cha kati ya milo kiwe maji tu.

Chanzo cha pili ni uji mwepesi. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji wa kunywa kwa kikombe mwingi wake ni maji, anashiba haraka na kulia njaa baada ya muda mfupi. Uji unaofaa hukaa kwenye kijiko. Ukikiinamisha unadondoka kwa matone mazito, hautiririki. Ukiona uji mzito unamshinda kumeza, usiongeze maji, tumia kimea. Chukua ulezi uliooteshwa siku mbili tatu, ukaanikwa ukakauka kabisa na kusagwa. Pika uji mzito, uache upoe mpaka uwe wa moto wa kulika, koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kila bilauri, subiri dakika kama kumi. Utauona ukilainika wenyewe. Urudishe jikoni uchemke tena, kisha mpe. Ukiweka kimea wakati uji bado unatokota hakifanyi kazi, kwa kuwa joto kali linaua kinacholainisha. Kila bilauri iongezwe kijiko cha chai cha mafuta, au kijiko cha chakula cha karanga zilizosagwa laini.

Kuhusu unga wa lishe wenye nafaka na mbegu kumi na mbili: wingi wa aina haumsaidii mtoto. Vikombe vitatu vya nafaka moja au mbili kwa kikombe kimoja cha karanga au soya vinatosha. Soya ichemshwe nusu saa, ikaushwe, ndipo isagwe, maana soya mbichi ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe. Dagaa waliosagwa humo huuchachua unga mapema. Ni heri uwasage kidogo kidogo na kuwatia kwenye mchuzi au maharage. Saga unga wa wiki mbili tatu, usiwe wa miezi. Mahindi na karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi ya nyumbani.

Chanzo cha tatu ni kulazimishwa. Mtoto aliyebanwa pua au kulazwa chali ili uji umiminwe hujifunza kwamba bakuli ni adui, na uji unaweza kumwingia kwenye mapafu. Badala yake mketishe na wengine, sahani yake mwenyewe, chakula laini anachoweza kushika kwa mkono: kipande cha kiazi, ndizi, parachichi, tonge dogo la ugali na mchicha. Mpe dakika 20 hadi 30, kisha ondoa bila maneno. Chakula kipya huhitaji kuonjwa mara nane, kumi au zaidi kabla ya kukubalika, kwa hiyo "hapendi maharage" baada ya kujaribu mara tatu ni hukumu ya mapema.

Angalia pia mdomo. Magego ya kwanza hutoka kati ya miezi 13 na 19, ya pili kati ya miezi 23 na 33. Siku hizo vyakula vya baridi na laini humwingia vizuri zaidi. Utando mweupe usiofutika au vidonda ulimini vinahitaji dawa.

Kama anakula udongo, mkaa au chokaa ya ukuta, usimchape mkono. Apimwe damu. Ulaji huo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini chuma. Dawa ya minyoo hutolewa kuanzia mwaka 1, albendazo miligramu 200 hadi afikishe miaka 2, kisha 400. Nchini Tanzania hutolewa pamoja na matone ya vitamini A katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, Juni na Desemba. Tarehe hizo zisiwapite. Kwa chakula, maini, dagaa, nyama ya kusaga na maharage vina chuma. Kipande cha chungwa, papai au embe kwenye mlo uleule kinasaidia kifyonzwe.

Choo kigumu, au "anaharisha" lakini tumbo limejaa

Mtoto anasimama kwa ncha za vidole, anakaza miguu, uso unakuwa mwekundu, anajificha nyuma ya kochi. Watu husema anasukuma. Ukimtazama kwa makini, amebana makalio: anazuia choo kisitoke. Siku fulani kilitoka kigumu kikamuumiza, akaamua kutokirudia tena, na kadiri anavyozuia ndivyo kinavyokauka zaidi. Huo ndio mzunguko wa kuuvunja, na hauvunjwi kwa ukali.

Baada ya siku kadhaa choo chepesi kinaanza kupenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo mara nyingi kwa siku bila yeye kujua. Nyumbani linaitwa tumbo la kuhara, anapewa vyakula vya kukaza, hali inazidi. Tofauti yake ni hii: mtoto anayeharisha kweli hutoa choo kingi cha maji na huonekana mgonjwa, aliyefunga hutoa doa dogo dogo, tumbo la chini likiwa gumu ukilishika.

La kufanya: punguza maziwa kama ilivyoelezwa juu, ndizi mbichi na wali mweupe visimame kwa muda, ongeza maji, papai bivu, parachichi, machungwa na nyuzi zake, maharage, mboga za majani. Dakika chache baada ya kifungua kinywa na chakula cha jioni mketishe kwenye poti kwa dakika 5 hadi 10, nyayo zikigusa sakafu na magoti yakiwa juu kidogo ya nyonga. Baada ya kula utumbo husukuma wenyewe, tumia muda huo. Kama alikuwa ameanza mafunzo ya poti, yasitisheni, mrudishe kwenye nepi mpaka choo kilainike kwa wiki kadhaa. Mtoto aliye tayari kwa poti hukaa mkavu saa mbili, hujua kuonyesha kwamba amejisaidia, na huweza kushusha nguo. Wengi hufikia hapo kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu.

Msimtie kipande cha sabuni. Kinaunguza, na maumivu hayo yanamfanya azuie zaidi. Ikiwa wiki mbili za chakula hazijabadilisha kitu, mhudumu wa afya ana dawa za kulainisha ambazo ni salama kwa umri huu, na hutumika kwa wiki au miezi, si kwa siku mbili. Usisubiri wiki hizo kama anatapika matapishi ya kijani, tumbo limevimba, hapandi uzito, au tatizo lipo tangu alipozaliwa.

Anaharisha

Choo chepesi mara tatu au zaidi ndani ya saa 24 ni kuhara. Kinachoua ni kuishiwa maji, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudisha maji, na tatizo kubwa nyumbani ni kuyarudisha kwa kipimo kibaya. Soma pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini: zipo za lita 1 na zipo za nusu lita. Pakiti ya lita moja ikitiwa kwenye kikombe kimoja inakuwa chumvi nyingi inayodhuru. Ya nusu lita ikitiwa kwenye lita inakuwa nyepesi mno. Tumia chupa ya maji ya kunywa yenye ujazo ulioandikwa, maji yaliyochemshwa yakapoa. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo chepesi, kuanzia miaka 2 mpe 100 hadi 200. Kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Kama hakuna pakiti, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwenye lita moja ya maji safi. Ukikosea, usikosee upande wa chumvi: mchanganyiko usizidi chumvi ya machozi. Soda na juisi ya boksi huvuta maji zaidi kwenye utumbo.

Zinki ni nusu ya tiba na ndiyo inayoachwa njiani. Miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, kidonge kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Chakula na kunyonya viendelee, na baada ya kupona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Dawa za watu wazima za kufunga tumbo ni hatari kwake, na antibayotiki haina kazi kwa kuhara kwa kawaida.

Bana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na uiachie. Ikirudi polepole, macho yakiwa yamedidimia, mpeleke sasa hivi huku ukiendelea kumnywesha njiani.

Kuhara kukijirudia kila mwezi, tafuta njia vinayopitia vijidudu. Chupa ya kunyonyea ya chuchu ndiyo ya kwanza, kwa sababu haisafishiki vizuri kwa maji ya ndoo; kikombe cha wazi kinaoshwa kwa sabuni kikaisha. Kisha kikombe cha kuchotea maji kinachozamishwa na mikono ya kila mtu. Kisha kinyesi cha mtoto, ambacho wengi hukiona hakina madhara na kukitupa uani. Kina vijidudu kama cha mtu mzima. Kiende chooni, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika sufuria.

Halali, au anaamka kila saa

Kati ya mwaka 1 na 2 mtoto huhitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, mchana ukiwemo. Kuanzia miaka 3 saa 10 hadi 13. Rudi kwenye daftari ujumlishe. Wapo wanaolala saa 12 kamili, ila saa nne kati yake ni za mchana.

Halali hadi saa tano usiku: mara nyingi amelala alasiri. Anayebaki na mtoto hupata nafasi ya kufua akilala saa kumi, na hilo linaeleweka, ila usiku ndio unaolipa. Usingizi wa mchana uanze kama saa sita na nusu au saba, na uishe kabla ya saa tisa alasiri. Kwa anayezoea kuchelewa, sogeza dakika 15 kila siku mbili badala ya kumwamsha ghafla. Jioni, chakula kama saa kumi na mbili na nusu, kuoga, taa ipungue, wimbo au hadithi, kitandani karibu saa mbili, mfuatano uleule kila siku. Televisheni na simu zizimwe saa moja kabla. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 halipendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Mwongozo huohuo unataka dakika 180 za kucheza na kuchangamsha mwili kila siku. Mtoto aliyefungiwa chumbani mbele ya katuni hana uchovu wa kumlaza.

Anaamka mara nyingi lakini ananyonya dakika mbili na kulala: hana njaa, amezoea chuchu kuwa ndiyo mlango wa usingizi. Mnyonyeshe kabla ya kuoga badala ya kumlaza akinyonya, na usiku baba au bibi ndiye amfuate kumbembeleza. Usiku wa kwanza kilio huongezeka. Wengi hukata tamaa hapo, wakati ndio mwanzo wa mabadiliko.

Analia akijikuna makalio: minyoo midogo myeupe, ambayo hutoka usiku kutaga mayai. Mmulike kwa tochi saa mbili tatu baada ya kulala, utaiona kama vipande vya uzi. Hutibiwa familia nzima siku moja na dozi hurudiwa baada ya wiki mbili. Kucha zikatwe, shuka zifuliwe. Akitibiwa mtoto peke yake, inarudi.

Analia akilazwa tu na kutulia akiinuliwa, baada ya mafua: shuku sikio. Anakoroma, mdomo wazi, pumzi zinakatika kisha anashtuka: aonwe na daktari wa pua, koo na masikio.

Anapiga kelele saa moja au mbili baada ya kulala, macho wazi, hakutambui, anakusukuma: huo ni usingizi mzito uliovurugika. Usimwamshe, usimmwagie maji. Mlinde asianguke, utaisha ndani ya dakika chache na asubuhi hatakumbuka. Huwapata zaidi watoto waliochoka kupita kiasi, kwa hiyo mlaze mapema. Ndoto mbaya huja karibu na alfajiri. Huyo anaamka kweli na anahitaji kukumbatiwa.

Anajitupa chini na kupiga mayowe

Huanza karibu na mwaka mmoja na nusu na huwa kali zaidi karibu na miaka miwili. Pigia mstari saa za matukio kwenye daftari. Yakikusanyika kabla ya chakula cha mchana au magharibi, ni njaa na uchovu, na dawa ni kusogeza mlo au usingizi kwa nusu saa. Yakitokea wakati wa kuacha jambo, kama kutoka uani au kuzima simu, anahitaji kuonywa mapema kwa tendo analoliona: "ukimwaga ndoo hii ya mchanga, tunaingia ndani." Dakika tano hazina maana kwake. Yakitokea kwa mtu mmoja tu, kuna sheria mbili ndani ya nyumba: mama anakataa, babu anatoa. Kaeni wakubwa, kubalianeni vitu vitatu visivyojadiliwa, vingine mlegeze.

Wakati wa tukio lenyewe maneno yawe machache. Ondoa kinachoweza kumuumiza, chuchumaa karibu naye, tulia. Usimchape, usimcheke, na usimpe kile alichokililia. Akitulia, mpe jina la kilichompata, "ulikasirika, ulitaka kisu, kisu kinakata", kisha mpe kazi nyingine ya mikono. Mkiamua kuacha kumpa simu kila analialia, siku tatu nne za kwanza kilio kitakuwa kikali zaidi ya zamani. Mkimpa siku ya tatu, mmemfundisha kwamba anatakiwa kulia kwa siku tatu.

Wapo wanaolia mpaka pumzi zinakatika, midomo inakuwa ya bluu, wanazimia kwa sekunde chache. Inatisha mno. Mlaze ubavu mahali salama, usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji. Atavuta pumzi mwenyewe ndani ya dakika moja. Apimwe damu, kwa kuwa upungufu wa chuma huongeza hali hii. Tukio la kwanza, au lenye kutupa mikono na miguu, lionwe na daktari.

Anayeng'ata wenzake kwa kawaida hana maneno au anatoka magego. Mtenge papo hapo, sema "hatung'ati, inauma", mhudumie aliyeumizwa kwanza. Kumng'ata ili aone uchungu kunamwonyesha kuwa kung'ata kunaruhusiwa kwa wakubwa.

Makalio mekundu

Wekundu ulioko sehemu zilizotuna tu, mikunjo ikiwa salama: ni unyevu. Badilisha nepi kila saa mbili hadi tatu, osha kwa maji bila sabuni ya kunukia, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta mazito ya mgando au krimu ya zinki, na kila siku akae wazi kwa muda. Kwa nepi za kitambaa, suuza maji mawili mpaka povu liishe. Sabuni iliyobaki ndiyo inayochoma. Poda haifai, vumbi lake huingia mapafuni.

Wekundu ulioingia mpaka ndani ya mikunjo, na vipele vidogo vilivyosambaa pembeni: ni fangasi, hasa baada ya antibayotiki. Mafuta peke yake hayatatosha, inahitajika krimu ya fangasi kutoka kwa mhudumu wa afya. Krimu za kuchubua au zenye steroidi kali zisiguswe.

Kimya cha ghafla

Mtoto aliyeko macho akinyamaza dakika mbili, mfuate. Ndoo au beseni lenye maji ya sentimita tano linatosha kumzamisha. Limwagwe baada ya kufua, na pipa lifunikwe kwa kifuniko asichoweza kukinyanyua.

Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda ni ajali inayosubiri. Akiyanywa, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya kula: yanapopanda tena koo huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo madhara yalipo. Mvue nguo zilizoloa, osha ngozi, nenda hospitali na chupa yenyewe. Kikohozi kilichoanza ni dalili kwamba yameshaingia.

Akiungua na chai au uji, mwagia maji ya baridi ya bomba au ya kuchota kwa dakika 20, vua nguo isiyoganda, funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, unga na asali havipakwi. Kidonda kikubwa kuliko kiganja chake, au cha usoni, mikononi au sehemu za siri, ni cha hospitali.

Akipaliwa na hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe na kumpiga kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kisipotoka, simama nyuma yake na kumbana mara 5 juu kidogo ya kitovu kuelekea ndani na juu, ukipishanisha. Namna hii ni kwa aliyetimiza mwaka. Akizimia, anza kumbana kifua na kumpulizia pumzi huku mwingine akitafuta usafiri. Karanga nzima, pipi ngumu na kokwa zisimfikie kabla ya miaka mitano.

Pua ya upande mmoja inatoa ute na kunuka

Mafua hutoka pande zote mbili. Ute mzito wa tundu moja tu, wenye harufu mbaya, mara nyingine na damu, maana yake kuna kitu ndani: harage, ushanga, kipande cha sponji ya godoro. Usitumie pini, kibiriti wala kibanio, kinasukumwa ndani zaidi. Harage likilowa linavimba, kwa hiyo usitie maji. Mpeleke siku hiyohiyo. Ikiwa inawezekana ni betri ndogo bapa ya rimoti, saa au kichezeo, usingoje hata saa moja, kwa sababu huunguza nyama za pua ndani ya saa chache. Mwombe mhudumu aangalie na tundu la pili pamoja na masikio yote mawili, maana mtoto aliyeficha harage moja huenda amelificha na jingine.